Siku 11 za Bukavu

Kitabu hakina jalada. Kilifika kituo chetu cha vijana hapa Nakivale ndani ya boksi la vitabu vya msaada, kikiwa katikati ya kamusi mbili na rundo la vitabu vya hesabu. Kurasa za mwanzo zimechomoka, kwa hiyo jina la mwandishi hatulijui, wala mwaka kilipochapwa. Ni habari za kijana mmoja mzungu aliyezunguka nchi za Maziwa Makuu na begi mgongoni, akilala nyumba za wageni za bei ya chini na kuandika kila alichokula. Ningekiacha kwenye rafu. Lakini sura ya sita ni ya Bukavu, siku 11 alizokaa pale, na mimi nimezaliwa Bukavu. Nilitoka nikiwa na miaka 13 na sijarudi.

Tuliisoma sura hiyo Jumamosi tano mfululizo, mimi na vijana 12 wa kikundi cha kusoma. Kiingereza chake si kigumu sana ila kina maneno mengi ya kupamba, basi tulikwenda na kamusi, mimi nikitafsiri kwa sauti kwa Kiswahili chetu. Katika kikundi kuna wa Bukavu, wa Uvira, wa Masisi, na wawili ni Warundi. Wengi waliletwa hapa wakiwa mgongoni mwa mama, au wamezaliwa hapa hapa.

Kabla ya kulalamika nimpe haki yake. Jamaa anajua kutazama. Anafika kwa boti kutoka Goma, na anaeleza vizuri jinsi kisiwa cha Idjwi kinavyoandamana nawe saa nzima na zaidi mpaka unasahau kwamba ni kisiwa. Halafu zinaonekana rasi tano zilizoingia majini, zile ambazo wenyeji tunazifananisha na vidole vya mkono. Anaona jambo ambalo wageni wengi hawalioni: ukija kwa maji, Bukavu inakuonyesha uso wake uliooshwa. Unaona La Botte, unaona nyumba za Wabelgiji za enzi mji ulipoitwa Costermansville, bustani zinashuka hadi ziwani. Yule mwingine, mji wenyewe, umejificha nyuma, na lazima ushuke botini upande kwa miguu. Hilo kaliandika yeye, si mimi.

Anaeleza pia baridi. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na yeye alidhani Kongo yote ni joto na jasho. Vijana walicheka sana pale anapokimbilia sokoni jioni ya kwanza kununua sweta ya mitumba. Mimi nilicheka nao, halafu tukafika kwenye ukungu wa asubuhi, ule unaokaa juu ya ziwa mpaka saa mbili, nikanyamaza. Wakafikiri nimekwama kwenye neno la Kiingereza. Nilikuwa nasikia ile baridi ya kwenda shule, kaptula fupi na magoti yenye mafuta ya mgando.

Basi Jumamosi ya pili, tukiwa kwenye ukurasa wa machweo (kuna machweo matatu katika sura hii, nimeyahesabu), msichana mmoja wa miaka 16, mama yake ni wa Bukavu na yeye amezaliwa hapa kambini, akainua mkono. Akaniuliza: "Yaya, kama Bukavu iko muzuri hivi, sasa mama alikimbia nini?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilijibu vibaya. Nilisema "vita," nikaendelea kusoma.

Neno vita analijua. Kila mkutano hapa unaanza nalo na kila fomu ina kisanduku chake. Lakini yeye alikuwa na vitu viwili mbele yake: mama ambaye hasemi lolote kuhusu kwao, na kitabu kinachosema kurasa 22 kuhusu ziwa. Kitabu kilikuwa kinashinda. Ndiyo maana naandika uhakiki huu, na naomba wanaofanya kazi nasi hapa wausome mpaka mwisho, maana kuna pahali nitawagusa na pahali nitajigusa mwenyewe.

Katika kurasa 22, vita vimo mara mbili. Mara moja ni askari kwenye kizuizi cha barabarani ambao walionekana kuchoka na kazi. Mara nyingine ni mwenye nyumba ya wageni anayemwambia kwamba hali ilikuwa mbaya zamani, na msafiri anaandika kwamba sasa mji umesahau. Mji umesahau! Mama yangu anahesabu miaka ya Bukavu kwa namna yake. Anasema mtoto fulani alizaliwa 1996, risasi zilipoingia. Fulani aliolewa kabla ya 1998. Na 2004, wiki ile ya Juni, tulilala chini ya kitanda na mimi nilikuwa na miaka minne. Mwenye nyumba ya wageni hakuwa amesahau chochote, bana. Alikuwa anamwambia mteja kile ambacho mteja anataka kusikia ili asiondoke kesho. Hata sisi tukipata mgeni tunamwambia njia ni nzuri.

Lakini simlaumu sana kwa kukosa historia. Mtu wa siku 11 ataijuaje? Lawama yangu ni kwa kitu alichokiona kwa macho yake na bado hakukiona. Nitaeleza.

Usiku wa nne anakaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, upande wa Nguba, na chupa ya Primus. Ng'ambo anaona mlima wa Kadutu. Anaandika kwamba taa ndogo zimepanda mlima wote mpaka juu, kama nyota zilizoshuka kupumzika kwenye mteremko. Anaandika kwamba ni mandhari nzuri kuliko zote alizoziona Afrika. Ukurasa mzima. Ndugu wasomaji, moja ya nyota hizo ni kwetu.

Kwetu tulikuwa na taa ya mafuta, na siku nyingine waya tuliovuta kwa jirani, tukimlipa kwa mwezi. Mto Ruzizi unatoka ziwani pale pale mjini na una bwawa la umeme tangu enzi za Wabelgiji, ila Kadutu tulizoea delestaji, leo upo, kesho haupo. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imeshikilia mteremko kwa mawe na magunia ya mchanga. Mvua ikinyesha usiku baba alikuwa halali, anasikiliza udongo. Na kwa nini watu walijenga pale, mahali ambapo hata mbuzi anapanda kwa kufikiria? Kwa sababu walikuwa wanakimbia. Walitoka Shabunda, Walungu, Kalehe, Kabare, kijiji hadi kijiji, vita hadi vita, wakaja mjini kwa sababu mjini angalau kuna watu wengi. Pa tambarare pamejaa, pa ziwani ni pa matajiri, basi wakapanda juu. Babu yangu ni mmoja wao. Kwa hiyo ile mandhari iliyomfurahisha msafiri ilijengwa na wakimbizi wa ndani. Kama mlima ule ungekaa na miti yake, bila wale watu, asingekuwa na nyota za kuandika.

Nilipowaeleza vijana hivyo, mvulana mmoja wa Masisi alisema: "Kumbe alikuwa anatuangalia sisi." Nadhani huo ni uhakiki mzuri kuliko huu wangu.

Na hapa nawageukia wafanyakazi wa mashirika, bila ugomvi. Nakivale pia tuna ziwa. Lina viboko, lina machweo, na vilima vyake vinapendeza kweli wakati wa mvua. Kila mgeni anayeletwa na gari anasimama palepale kwenye mwinuko, anatoa simu. Sisemi msipige picha. Mimi mwenyewe nimepiga. Nasema tu kwamba nyumba zile za udongo zilizopangika vizuri chini, zenye maturubai yanayong'aa jua likigonga, kila moja ina sababu ya kuwa pale, na picha haiionyeshi.

Turudi kwenye kitabu. Kitu kingine kilichonishangaza ni hesabu. Anaandika bei ya kila kitu: moto kutoka bandarini, chumba, chai, mkate, muda wa simu. Kuna pahali anagombana nusu ukurasa na dereva wa moto kwa faranga 500. Nilidhani vijana watakasirika. Wapi! Walipenda. Walichukua kalamu wakapiga hesabu kama pesa zitamtosha mpaka siku ya 11, wakamshauri apunguze Primus. Sisi ni watu wa kuhesabu, tunajua mwezi unavyorefuka msaada ukipunguzwa. Kwa hiyo sehemu hiyo, ambayo nafikiri msomaji wa Ulaya ataiona ya kuchosha, hapa ndiyo iliyosomwa kwa shangwe. Lakini mmoja akauliza, zikiisha kweli atafanyaje? Ukurasa wa 9 wa sura hiyo unajibu: anakwenda benki na kadi.

Kwenye chakula anakosea, na kosa lake linanipendeza. Anakula sambaza wa kukaanga, anawasifu, anasema ndio samaki wa asili wa ziwa Kivu, watu wa pale wamewala tangu enzi za mababu. Hapana. Sambaza waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakamwagwa Kivu, wakazaana. Mababu hawakuwajua. Sasa nani atakwambia sambaza si wa Bukavu? Wavuvi wanaotoka usiku na taa zao wanaimba kwa ajili yao, mama zetu wamesomesha watoto kwa sahani zao. Vijana wa Uvira walifurahi kupita kiasi siku hiyo, walisema samaki ni wao na wanataka kodi.

Siku ya nane anakwenda Kahuzi-Biega kuona sokwe, na hapa sina mzaha. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1970, na tangu 1980 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Anaandika vizuri kuhusu msitu, unyevu, mianzi, na lile dume kubwa lenye mgongo wa fedha lilivyomtazama kisha likampa kisogo. Mbele yao alikuwa mzee mfupi mwenye panga, anafungua njia, anajua kila jani kwa jina. Msafiri anasema mzee yule alikuwa kama sehemu ya msitu. Basi. Hamuulizi alijifunzia wapi majani. Batwa waliishi ndani ya msitu ule, na miaka ya 1970 walitolewa kwa ajili ya hifadhi, wakabaki pembezoni bila ardhi. Kesi yao ilifika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 uliwapa haki. Sijui mzee yule alikuwa nani. Lakini mwandishi alikuwa naye saa nne njiani, na alimwandikia sokwe kurasa tatu, mzee mistari miwili. Hata kama hujui sheria wala historia, hapo kuna kasoro ya uandishi tu: mtu anayejua kila jani ni habari, muulize.

Tulifanya zoezi. Tulihesabu watu wote wanaosema neno katika sura ile. Ni wanane. Dereva wa moto, mwenye nyumba, muuza sweta, afisa wa mpakani, kiongozi wa hifadhi, na kadhalika. Wote wanane wanasema na yeye. Wanamuuzia, wanamwelekeza, wanamzuia, wanamsifu. Hakuna hata mmoja anayesema na mwenzake. Ukisoma hivyo unaona Bukavu ni mji ambao watu wake wamekaa wanasubiri mzungu afike waanze kazi.

Hapo nilikuwa tayari kumaliza na kutoa hukumu. Nilikuwa na sentensi yangu ya mwisho kabisa, kali. Lakini swali la yule msichana lilikuwa bado, na nikaanza kufikiria mimi Bukavu yangu nimeisimulia wapi.

Nimeisimulia mara moja kwa urefu. Nilikuwa nimetimiza miaka 18, nikaitwa kwenye intavyu peke yangu. Siku kadhaa kabla yake, kwenye foleni ya maji, wakubwa walinipa shauri: usiseme neno zuri hata moja kuhusu kwenu, watafikiri unaweza kurudi. Basi nilipoulizwa nieleze mahali nilipokulia, nilieleza kizuizi, nilieleza usiku ule, nilieleza jirani. Sikudanganya, kila nilichosema kilitokea. Lakini ziwa nililitoa. Nilitoa ukungu, nilitoa sambaza, nilitoa wimbo wa wavuvi tuliokuwa tunausikia mpaka juu kwetu upepo ukigeuka. Saa mbili nilizungumza kuhusu Bukavu na hakukuwa na tone la maji ndani yake. Nilipotoka nje nilijisikia kama nimeuza kitu cha nyumbani.

Nafikiri mama wa yule msichana alifanya hivyo hivyo, halafu akazoea. Ukisha kuutoa uzuri mara moja mbele ya meza, unaogopa kuurudisha hata jikoni kwako, mtoto asije akausema mahali. Kwa hiyo mtoto anabaki na Bukavu mbili: yetu ina risasi tupu, ya msafiri ina machweo matatu. Mimi nilimkasirikia msafiri kwa kukata nusu ya mji, na mimi nilikata nusu nyingine. Tofauti ni kwamba yeye hakuna aliyemuuliza kwa nini amekuja.

Sasa mvua. Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo sehemu bora ya sura hii, na naogopa ningeanza nayo ningemsamehe mapema.

Siku ya kumi alitaka kuondoka kwa boti. Boti haikusafiri. Akapanda Kadutu bila mpango, mvua ikamkuta karibu na soko, akajibanza chini ya bati la duka lililofungwa. Pale palikuwa na mama anayeuza makala. Mvua ilinyesha karibu saa mbili. Kamera aliificha kwenye begi isilowe, kwa hiyo hakuna picha. Pesa hakutoa, hakuna cha kununua. Hana la kufanya ila kukaa. Na hapo ghafla anaandika kama mtu. Anaeleza maji yanayoshuka ngazi za udongo kama mto, yamebeba kandambili, beseni la bluu, kichwa cha kabichi. Anaeleza yule mama alivyohamisha gunia la makala mara tatu, kila maji yakikaribia, na mara ya tatu alilipandisha juu ya mguu wake mwenyewe. Kuna mtoto naye amejibanza hapo. Mama anamwambia mtoto kitu, mtoto anacheka, na msafiri anaandika kwamba hakuelewa walichosema na hakuna aliyemtafsiria.

Nusu ukurasa tu. Hakuna nyota wala neno "Afrika" ndani yake. Huyo mama hakumhesabu katika wale wanane kwa kuwa hakusema naye, na sisi pia tulimsahau kwenye hesabu mpaka kijana mmoja akapinga, akasema ni tisa. Ni tisa.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba msichana amlete mama yake kama atapenda. Alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Alikuwepo pia dada mmoja aliyefika Nakivale baada ya Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu. Nikawasomea mvua, tafsiri yangu, polepole. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza duka lilikuwa upande gani wa soko, wa juu au wa chini. Kitabu hakisemi. Akasema lazima ni wa chini, maji ya upande wa juu hayabebi beseni, yanapotelea kwenye mfereji. Dada akasema mfereji ule uliziba zamani. Wakaanza kubishana. Walibishana kuhusu mfereji, halafu kuhusu nani alikuwa anauza sombe nzuri, halafu kuhusu kanisa gani kengele yake ilisikika mpaka ziwani, na mama akasema habari ya kaka yake aliyevua samaki usiku, na kwamba usiku mmoja wa 2004 hakurudi. Alisema yote kwa mpigo mmoja, ziwa na kaka pamoja, bila kubadilisha sauti. Binti yake alikuwa amekaa mbele, hakugeuka nyuma.

Mimi sikuandika kitu siku hiyo. Nilipaswa, najua, kalamu ilikuwa mkononi.

Kitabu kiko kituoni, rafu ya pili, hakina jalada kwa hiyo utakitambua. Kinaazimwa siku saba, uandike jina kwenye daftari. Ukurasa wa mvua umeanza kuchanika upande wa chini, mshike vizuri. Na pembeni tumeanza kuandika kwa penseli: mfereji, jina la soko, sambaza 1959. Anayejua zaidi aongeze, ila tafadhali asifute ya wenzake.